Niliungama, Kidonda Kikabaki

Sifa zote ni za Mungu, aliyetuumba na matumbo kabla hatujapata cha kuyajaza, na anayetulinda hata tukiwa tumelala na kujisahau. Namshukuru kwa asubuhi hii, kwa ziwa la Mweru lililotulia mbele ya nyumba yangu, na kwa mkono huu ambao bado unaweza kushika kalamu. Namshukuru pia kwa mambo ambayo moyo wangu haujayashukuru sawasawa. Nimejifunza kwamba shukrani haina haja ya kuungoja moyo.

Nataka kusimulia habari ya tumbo la mke wangu. Tunaishi kando ya ziwa, upande wa Nchelenge, katika kijiji ambacho kila nyumba inanuka chisense, wale samaki wadogo kama vidole vya mtoto mchanga tunaowaanika mchangani. Mimi nilizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo. Mke wangu ni mzaliwa wa huku. Tulipokutana hatukuwa na lugha nyingine ya kuzungumza ila Kiswahili cha biashara ya samaki, na ingawa baadaye nilijifunza Kibemba mpaka nikahubiri kwa lugha hiyo, nyumbani tumebaki na Kiswahili kile kile. Majirani wanatucheka. Wanasema sisi tunapendana kwa lugha ya kupatana bei.

Kwa miaka mingi tumbo lake lilikuwa likiuma, na katika nyumba yetu hilo halikuwa neno kubwa. Mimi mwenyewe nilikuwa na kiungulia. Nikila bukari, ule ugali wetu wa muhogo, jioni na kulala mara moja, moto ulinipanda kifuani mpaka kooni. Nilikaa kitandani, nikameza mate, nikalala tena. Yeye maumivu yake yalikuwa chini zaidi, chini kidogo ya mfupa wa kifua, mahali pamoja, kama mtu anayembonyeza kwa kidole. Yalikuja tumbo likiwa tupu, yakapungua akila, kisha yakarudi. Alitafuna pemba, ule udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa vipande. Alikunywa maji yaliyochanganywa na soda ya kuumulia vitumbua. Siku za kubeba mabeseni ya samaki, mgongo ukimuuma, alinunua vidonge vya maumivu vilivyofungwa katika karatasi na kuvimeza asubuhi bila kula. Nilimwona akifanya hayo yote, wala sikuuliza. Mtu akizoea kumwona mwenzake ameshika tumbo, mwishowe anadhani hiyo ndiyo namna yake ya kusimama.

Huku kwetu kila mtu anajua vidonda vya tumbo vinatoka wapi. Vinatoka kwa mawazo. Mtu akisema ana vidonda, wanaomsikiliza hawamuulizi amekula nini wala amekunywa maji gani. Wanamuuliza nani anamsumbua. Na kwa mwanamke aliyeolewa, jibu linajulikana kabla ya swali. Kwa sababu hiyo wanawake wengi wananyamaza. Mke wangu naye alinyamaza, mpaka siku moja katika mazoezi ya kwaya maumivu yakamshinda, akakaa chini sakafuni akiwa amejikunja, na wenzake wote wakaona.

Wiki ile ile kamati ya wamama ikaja nyumbani. Mimi ni mzee wa kanisa, na wakati ule nilikuwa nikihudumu kwenye Meza ya Bwana kila mwezi, nikipitisha mkate. Jambo la nyumba yangu halikuweza kuachwa hivi hivi. Walikuja watatu. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mpana, mwenye sauti ya chini, rafiki wa mke wangu tangu ujana wao, ambaye miaka mingi alikuwa akivuka kwenda Kongo na kurudi na vitambaa, kwa hiyo alisema Kiswahili kama sisi. Nitamwita mama kiongozi, maana ndivyo kanisa zima linavyomwita.

Walikaa, wakaomba. Kisha mama kiongozi akaniambia:

"Muzee, hatukuje kukuhukumu. Tumekuja kuuliza tu. Kidonda ya tumbo inatokaka ku mawazo. Na mawazo ya mwanamuke inatokaka ku nyumba."

Nikasema nimesikia.

"Unamupigaka?"

Nikasema hapana.

"Uko na mwingine ng'ambo? Batu ya samaki tunabajua."

Mke wangu, aliyekuwa amekaa mkekani na mkono tumboni, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Huyu? Na kile kikohozi yake? Mwanamuke gani atamupokea, atalala saa ngapi?"

Wamama wakacheka, mama kiongozi naye akacheka, lakini hakuliacha neno lake. Alisema kidonda hakikosi mzizi. Kama si mke wa pili, kama si kipigo, basi kuna kitu cha zamani ambacho mwanamke amekimeza na hakikushuka. Wakatuachia juma zima tutafute, mimi na mke wangu, tuombe na tuchunguze mioyo.

Tulitafuta. Ni jambo la ajabu kuketi na mke wako jioni, mkitafuta kosa lako kama watu wanaotafuta sindano mchangani. Yeye alisema hakuna. Alisema tumbo ni tumbo. Lakini mimi nilijua kwamba kipo kitu, na nilijua ni kitu gani, wala sikuhitaji juma zima.

Tulikuwa na binti. Alikufa akiwa na miaka minne, kwenye kambi ya wavuvi ya kisiwa cha Chisenga, wakati mke wangu alipokuwa kule akinunua samaki. Homa ilimchukua kwa siku mbili. Mimi nilikuwa ng'ambo, Kongo, na mzigo wa samaki ambao haujauzwa. Mwendesha boti mmoja akaniletea habari. Nilijiambia kwamba kwa joto lile watakuwa wamekwisha kumzika, na kwamba nikienda leo au kesho kutwa ni sawasawa kwake. Nikabaki siku mbili, nikauza samaki, kisha nikavuka. Nilipofika, mke wangu hakuniuliza kitu. Alinipa maji ya kunawa, akanionyesha mahali. Tangu siku ile mpaka kamati ilipokuja hatukuwa tumezungumza habari za siku zile mbili. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka ishirini.

Basi juma lilipokwisha, nikaungama. Niliungama mbele ya kamati na wazee wenzangu, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa. Nilisema yote, mpaka idadi ya mabeseni yaliyokuwa yamebaki. Wamama walilia. Mke wangu hakulia, alikuwa akitazama mikono yake. Mama kiongozi akapumua kama mtu aliyeona mwiba baada ya kuutafuta sana, akasema, "Njo hiyo," yaani ndiyo hiyo.

Niliomba msamaha, mke wangu akasema amenisamehe. Tukashikana mikono. Wazee wakaamua jambo ambalo wakati ule lilionekana kuwa la hekima, nami mwenyewe nililikubali: nikae kando ya huduma ya Meza mpaka mke wangu apone. Kupona kwake kungekuwa ishara kwamba toba yangu ni ya kweli na kwamba msamaha wake umeshuka mpaka chini.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, maana hapa ndipo tulipokosea. Hatukuwa na ubaya. Tulichukua tumbo la mwanamke mgonjwa, tukalifanya kuwa shahidi wa mume wake.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nilikaa kwenye benchi la nyuma, mkate ukipita mikononi mwa wengine. Watu waliponisalimia walimtazama mke wangu kwanza, usoni, kisha tumboni, kisha wakanigeukia mimi. Walikuwa wakiuliza bila kuuliza. Mke wangu alikuwa akikonda. Mwezi wa kwanza ukapita hivyo, na wa pili. Mwezi wa tatu, Jumapili ya ushuhuda, mke wangu akasimama. Akafunga vizuri kitenge chake, akasema kwa Kibemba mbele ya kanisa lote kwamba Bwana amelinyamazisha tumbo lake, hasikii tena maumivu, anakula kila kitu. Vigelegele vikapigwa. Mama kiongozi akamkumbatia. Mwezi uliofuata nikarudi Mezani.

Nilifurahi? Nakumbuka nilishukuru. Nakumbuka pia kwamba jioni ya Jumapili ile alikula matonge mawili tu ya bukari, akasema ameshiba kwa furaha, nami nikamalizia sahani.

Kwa miezi iliyofuata alikuwa mzima mbele ya watu wote, na mbele yangu pia. Sasa najua alivyofanya, kwa kuwa baadaye aliniambia. Alikunywa ile soda nyuma ya chanja ya samaki. Alifunga kitenge kwa nguvu tumboni ili maumivu yapate kitu cha kushindana nacho. Alitangulia kuamka na kwenda chooni peke yake, maana alichokitoa kilikuwa cheusi, kizito, kinachonata kama lami ya barabara ya Nchelenge ilipokuwa mpya. Hakujua ni damu. Alidhani ni pemba na dagaa wa kukaushwa. Hata hivyo alijua kwamba si kitu cha kusemwa. Akisema tumbo limerudi, mimi ningerudi benchi la nyuma, na wangesema nimefanya kosa jingine, au kwamba yeye ni mwanamke asiyesamehe. Kwa hiyo alikuwa akinilinda.

Yapo mambo niliyoyaona. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Akipanda kutoka ziwani na beseni alisimama mara tatu mahali ambapo zamani hakusimama. Niliona, nikajiambia kwamba tunazeeka.

Ilikuwa asubuhi, jua lilikuwa limekwisha kupanda, na chisense walikuwa wametandazwa kwenye mchanga mbele ya nyumba kama shuka ya fedha. Alikuwa akiwageuza kwa ufagio wa majani, akiwatishia kunguru. Nilikuwa nimekaa kibarazani, nashona wavu. Nikamwona anakaa chini katikati ya samaki, taratibu, kama mtu anayekaa kwake. Kisha akalala kwa ubavu.

Nitasema ukweli, maana Mungu aliuona. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba anawaharibu samaki. Ndipo nikainuka.

Samaki wadogo walikuwa wamemganda shavuni. Akatapika kitu cheusi chenye chembechembe kama kahawa iliyosagwa, na katikati yake damu yenyewe. Nikaita watu. Jirani alikuwa na pikipiki. Tulimweka katikati, jirani mbele akiendesha, mimi nyuma nikimshikilia, mpaka kituo cha afya cha Kafutuma. Njiani alisema neno moja tu. Nilidhani anataka maji, nikainamisha sikio.

"Usiambie kamati," akasema.

Muuguzi wa Kafutuma alimtazama macho, akavuta kope chini, akatazama viganja, akampima mapigo ya moyo, na hakupoteza wakati. Alimwekea maji ya mshipa, akapiga simu, gari likaja kutupeleka hospitali ya wilaya. Kule walimpa damu ya mtu ambaye simjui, chupa moja, kisha nyingine. Namwombea mtu huyo kila siku. Nilikaa kwenye benchi la korido. Watu walikuja kuniuliza habari nikawajibu sawasawa, kwa adabu, kama mtu anayetangaza matangazo ya kanisa. Nilingoja nisikie hofu. Nilisikia tu kwamba miguu yangu ina mchanga.

Siku ya tatu, alipokuwa anaweza kukaa na kunywa uji, daktari kijana akaniita katika chumba chake. Alizungumza Kibemba cha mjini, na aliniita bashikulu, kama vijana wa heshima wa huku wanavyomwita mzee. Aliniuliza tumbo lilianza lini, anakula nini, anameza vidonge gani. Nilijibu. Kisha nikamwambia kwamba asihangaike kutafuta, chanzo kinajulikana, ni mimi. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kusema hivyo.

Akaacha kuandika.

"Umempiga tumboni, bashikulu?"

Nikasema hapana.

"Umempa sumu?"

Nikasema hapana.

"Basi si wewe."

Akanionyesha karatasi ya maabara. Walikuwa wamepima choo chake na kukuta bakteria, kijidudu kidogo kisichoonekana kwa jicho, chenye umbo la kujisokota. Alisema tumboni mna tindikali kali inayoua karibu kila kitu, lakini hiki kinajua kujificha ndani ya ute unaokinga ukuta wa tumbo. Kinakaa hapo miaka na miaka. Kinaudhoofisha ule ute, tindikali inafikia nyama, na kidogo kidogo inachimba. Mahali palipochimbwa ndipo kidonda, na kidonda kikifikia mshipa, damu inatoka, nayo ikipita tumboni inageuka kuwa nyeusi. Vile vidonge vya maumivu alivyovimeza bila kula vilisaidia kuchimba.

Nikamuuliza kilitoka wapi. Akasema mara nyingi kinaingia kwa mdomo mtu akiwa bado mtoto, kwa maji, kwa mikono, kwa chakula, kwa watu wa nyumba moja, na hakuna anayeweza kujua ni siku gani. Alisema watu wengi sana kando ya ziwa hili wanacho, na wengi wao hawatasikia kitu mpaka wafe kwa uzee.

"Na mawazo?" nikamuuliza.

"Mawazo yanaweza kumfanya mtu asikie maumivu zaidi. Lakini mawazo hayachimbi shimo."

Nikamweleza kiungulia changu, maana nilifikiri labda nami ninacho. Akasema kile cha kwangu huenda ni jambo jingine, tindikali inayopanda kwa sababu nalala na tumbo limejaa. Akanishauri nile mapema, niinue kichwa cha kitanda kwa matofali, na nirudi nipimwe kama haitoshi. Nilifanya hivyo. Ilitosha.

Nilisikiliza kila neno, na ninaweza kulirudia kila neno, kama unavyoona. Lakini moyoni hapakuwa na kitu. Nilimshukuru, nikatoka, nikasimama kwenye ukuta wa hospitali penye kivuli. Nilidhani mtu akiondolewa mzigo anasikia wepesi. Mimi nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha, unaona vidole vipo na huwezi kuvikunja.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Kwa miezi mingi hatia yangu ya zile siku mbili ilikuwa na makao: ilikaa ndani ya tumbo la mke wangu. Ilikuwa pale, inauma, kila mtu aliiona, na ilikuwa na dawa, yaani toba, na ishara, yaani kupona. Sasa kijana mwenye karatasi alikuwa ameitoa humo na kuniachia mikononi. Binti yangu alikuwa amekufa na mimi nilikuwa nimeuza samaki. Jambo hilo halikuwa na bakteria.

Alipewa vidonge vya siku kumi na nne, aina tatu: mbili za kuua kijidudu, moja ya kupunguza tindikali ili kidonda kipate kufunga. Daktari alimwonya asikatishe hata akijisikia mzima siku ya nne, na asivipunguze wala asimgawie mtu. Viliacha ladha ya chuma mdomoni. Asubuhi na jioni nilimletea maji yaliyochemshwa na kupozwa, nikaweka alama kwenye kalenda ya kanisa. Vile vya maumivu tuliviacha kabisa.

Mama kiongozi alikuja siku ya tano ya dawa, tukiwa tumekwisha kurudi nyumbani. Hatukuwa tumemwambia kitu, lakini mtu akianguka kati ya samaki wake mchana peupe, kamati haina haja ya kuambiwa. Alikuja peke yake, na kuku. Akakaa, nikamweleza yote ya daktari, pole pole. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Alor, muzee," akasema mwishoni, "tulikutoa ku Meza juu ya kadudu."

"Kadudu nako kangekuja kuungama," mke wangu akasema kutoka kitandani. "Kenyewe kangelia kabisa, kuliko huyu."

Wakacheka mpaka mke wangu akashika tumbo, na mama kiongozi akashtuka, mke wangu akamwambia ni kicheko tu. Kisha mama kiongozi akalia kidogo. Aliniomba msamaha. Aliuliza kama nataka wazee waandike mahali kwamba ungamo langu lilikuwa la bure, walifute. Nilimwambia hapana. Halikuwa la bure. Lilikuwa kweli, ila halikuwa dawa ya tumbo. Sijui kama alinielewa. Akaenda kumchinja kuku.

Mama kiongozi alipokwisha kuondoka, mke wangu akaniita nikae karibu. Alikuwa akitazama paa.

"Papa," akasema, "ile siku mbili. Nilikukasirikia. Hata leo, mara ingine, nikiona boti inatoka ng'ambo. Lakini haikukuwa ndani ya tumbo."

Nikamuuliza iko wapi basi.

"Iko tu," akasema. "Leta dawa, saa imefika."

Nikaleta dawa.

Alimaliza siku zote kumi na nne. Zaidi ya mwezi mmoja baadaye wakampima tena, na kile kijidudu hakikuonekana. Choo kilirudi rangi yake ya zamani. Viganja vikapata damu. Siku moja alikula chisense wa kukaangwa kwa pilipili, sahani nzima, nami nilikaa mbele yake nikimtazama kama mtu anayengoja radi baada ya umeme. Haikuja. Akalamba vidole, akaniuliza natazama nini.

Jumapili ya ushuhuda iliyofuata ilikuwa pia Jumapili ya Meza. Nilikuwa mbele, na sahani ya mkate imefunikwa kitambaa. Mke wangu akainuka bila kuniambia kwanza. Alisema kwamba ushuhuda wake wa mwaka jana ulikuwa uongo. Alisema alidanganya mbele ya Mungu kwamba amepona, kwa sababu aliogopa watasema nini juu ya mume wake, na kwamba uongo ule ulikuwa karibu kumuua. Akaeleza habari ya kijidudu, ya vidonge, ya siku kumi na nne. Kisha akawageukia wanawake, akaacha Kibemba cha kanisani, akasema kwa Kibemba cha sokoni, bila haya, mambo ambayo hayajasemwa mbele ya madhabahu yetu: kwamba mwanamke akiona choo chake ni cheusi kama lami, aende Kafutuma siku ile ile, wala asipitie kwa kamati.

"Mume wangu ana makosa yake," akasema. "Nayajua kuliko ninyi. Lakini msiyatafute tumboni mwangu."

Mmoja alicheka, wengine wakaitikia. Mama kiongozi, benchi la mbele, akasema "Amina" kwa sauti kubwa, peke yake, kisha wengine wakamfuata. Kabla ibada haijaendelea, mwanamke mmoja kijana aliyeketi karibu na dirisha akainuka na kutoka nje akiwa ameshika tumbo, na mama kiongozi akainuka akamfuata. Baadaye nilisikia kwamba walikwenda kituoni wote wawili siku ya pili yake. Sikuuliza ni nani kati yao aliyepimwa.

Ikafika saa ya mkate. Nikafunua kitambaa, nikaanza kupitisha, benchi kwa benchi. Nilipofika kwa mke wangu akanyoosha mkono, kiganja chake kikiwa na rangi, akachukua kipande, akakiweka mdomoni, akatafuna. Nikangoja furaha. Nilijua kwamba hapa ndipo inapopaswa kuja. Haikuja, na watu walikuwa wakingoja, kwa hiyo nikamshukuru Mungu bila hiyo furaha na nikasogea kwenye benchi linalofuata.

Nawe unayesoma, Bwana akulindie tumbo lako na matumbo ya wale wanaokula nawe sahani moja. Akupe maji safi na mikono iliyonawa. Mahali panapokuuma, akupe kinywa cha kupasema mapema, na karibu nawe aweke mtu atakayekuuliza unaumwa nini kabla ya kukuuliza umekosa nini. Na kama furaha yako inachelewa, akupe uvumilivu wa kuketi kibarazani na kuingoja, huku ukitenda kazi yako. Amina.